Mwani hufuata bamvua: barua ya wazi kwa wanaopanga ununuzi, viwanda na bandari za Pemba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya biashara na viwanda, na uongozi wa Shirika la Bandari Zanzibar

Assalaam alaykum.

Waheshimiwa, mimi ni karani wa ghala la mwani katika Mkoa wa Kaskazini Pemba. Napima mapolo, yaani magunia ya mwani, naandika daftari, na siku ya malipo ndiye ninayeulizwa kwa nini pesa haijafika. Nawaandikia nyote kwa pamoja, tena hadharani, kwa kuwa jambo hili limekatwa vipande vipande. Kilimo kiko wizara moja, kiwanda kiko nyingine, meli iko kwa watu wa bandari, barabara iko kwa wengine tena. Mkulima wa mwani anakutana na yote hayo siku moja, pale pale pwani.

Ninalolisema ni hili. Ununuzi wa mwani, usafirishaji wake na sasa kazi ya kiwanda cha kuusarifu vinapangwa kwa kalenda ya ofisi: mwisho wa mwezi, robo ya mwaka, bajeti ya Julai. Kazi yenyewe inapangwa na bamvua, zile siku za mwezi ambazo maji hujaa sana na kutoka mbali. Mpaka ratiba hizi mbili ziandikwe kwenye karatasi moja, tutaendelea kuwa na ghala lililofurika wiki hii na tupu wiki inayofuata, wanawake waliovuna na hawajalipwa, na mitambo itakayokosa mali huku mali inaharibika kijiji cha pili.

Najua wengi wenu mmekulia pwani kama sisi. Lakini mipango huandikwa pia na wataalamu na washauri ambao hawajapata kuingia maji ya magoti kuvuna, kwa hiyo nawaombeni radhi nieleze kidogo. Bamvua huja mara mbili katika mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo ndizo maji hutoka mbali na mashamba ya mwani kuonekana. Huku kwetu maji ya bamvua hukauka kuelekea saa nne asubuhi, kesho yake huchelewa kama dakika hamsini, hivyo hivyo, mpaka yanaingia maji mafu, yasiyotoka mbali, na shamba halifikiki tena kwa miguu. Siku za kufanya kazi sawasawa katika kila bamvua ni chache. Ndani ya siku hizo mwanamke anavuna, anachagua mbegu, anaifunga kwa kamba ndogo tunazoziita taitai, anagongomea vigingi vilivyong'oka, kisha anatoa mzigo majini kichwani au kwa gari la ng'ombe mpaka penye kuanikia. Mwani hukaa majini kiasi cha wiki sita, yaani mabamvua matatu, ndipo uvunwe. Ukiuacha ukapitiliza unakatika na kuchukuliwa na mawimbi. Ukiuwahi, haujakomaa na ute wake ni mdogo.

Sasa tazameni maana yake kwa anayepanga. Vijiji vyote vya ukanda mmoja vinavuna siku zile zile. Mali yote inaanikwa siku zile zile, inakauka kwa siku mbili tatu jua likiwaka, na inafika mlangoni kwangu siku zile zile. Hakuna mkulima anayeweza kuvuna kidogo kidogo ili gari la mnunuzi lipate nafasi. Mizani yangu inapumzika siku nyingi, kisha ghafla foleni inaanza alfajiri na kumalizika usiku kwa taa ya simu. Wabebaji nao hali ni hiyo: vijana wanaolipwa kwa polo wanakaa barazani wiki nzima bila kazi, kisha wanatafutwa wote kwa mara moja na hawatoshi.

Gari likija bamvua linapomalizika, kila kitu kinakwenda vizuri. Mali inaondoka kavu, watu wanalipwa, na bamvua linalofuata ghala liko tupu linawasubiri. Likichelewa mpaka bamvua jingine likaingia, mali mpya inaikuta ya zamani bado imekaa, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Masika iliyopita mapolo yalijaa mpaka mlangoni. Ghala letu ni dogo kuliko darasa la skuli, kwa hiyo mengine tuliyapanga nje juu ya magogo na kuyafunika turubai. Mnunuzi alikuwa ameahidi gari Jumatatu. Halikuja Jumatatu ile wala iliyofuata. Ikanyesha mvua ya upepo, ikaingia kwa chini. Mwani mkavu unavuta maji hata ya hewani, seuze mvua. Nilipofungua polo moja na kuingiza mkono, katikati mlikuwa na joto, mwani umeshikana, harufu imeshabadilika. Mwani wa namna hiyo haurudi. Ukiuanika tena unakauka kwa sura tu. Ute umepungua, na chumvi iliyosombwa na mvua imeondoka na uzito wake. Mama mwenye polo lile alikuwa amesimama pembeni yangu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, utaliandika?"

Waheshimiwa, kilo moja ya mwani mkavu inatokana na kilo saba hadi kumi za mwani mbichi. Polo la kilo arobaini linapoharibika, aliyepoteza amepoteza mzigo wa kilo mia tatu au mia nne alioutoa majini kwa kichwa chake. Na sheria ya pwani ni kwamba mwani ni wa mkulima mpaka upimwe. Mnunuzi akichelewa, hasara si yake. Mwenye gari hana hasara, wala bandari haina hasara. Katika mlolongo mzima, kuanzia vigingi vya Micheweni mpaka viwanda vya Ulaya, anayelipia ucheleweshaji ni yule mwenye kipato kidogo kuliko wote. Hili ndilo linaloniuma na ndilo lililonikalisha niandike.

Sisemi kwamba wanunuzi ni watu wabaya. Nimefanya kazi nao, na najua na wao wanasubiri. Mwani wetu, aina ya spinosamu kwa wingi na ile ya kotonii pale inapokubali, hauliwi hapa. Unakwenda Ufaransa, Denmark, China, Marekani na kwengineko kutolewa karajinani, ule ute unaotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu, nyama za makopo, vipodozi na dawa. Anayeagiza yuko mbali mno na anayepanda. Leo kiwanda cha huko kikiomba mzigo zaidi, habari inapita kwa wakala, kwa msafirishaji, kwa mnunuzi wa Unguja, kwa msimamizi wa Pemba, ndipo imfikie mkulima kwa maneno mawili: "Pandeni sana." Akipanda leo atavuna baada ya wiki sita. Weka siku za kukausha, kukusanya, kufunga marobota, kuvuka bahari mpaka Unguja, kungojea kontena na kungojea meli. Mzigo unapofika huko nje, huenda mwenye kiwanda ameshajaza ghala lake na anataka kupunguza. Hapo linarudi agizo la pili, na hili linafika haraka zaidi kuliko la kwanza: "Msilete kwanza."

Tuliliona hili waziwazi karibuni. Mwaka 2022 bei ya mwani ilipanda sana katika soko la dunia, na mwaka 2023 ikaporomoka. Mwisho wa mwaka ule wa 2023 meli nyingi zikaacha kupita Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya Ulaya ikarefuka, na makontena yakachelewa kurudi huku kwetu. Kabla ya hapo, wakati wa korona, ilikuwa taabu ya makontena hayo hayo. Mambo haya hakuna Waziri wa Zanzibar anayeweza kuyazuia. Lakini kuna linalowezekana: mkulima aambiwe mapema. Mwanamke akijua kabla ya kufunga mbegu kwamba mabamvua matatu yajayo mnunuzi atachukua nusu tu, atapunguza kamba zake, nguvu zake atazipeleka kwenye mihogo au kwenye chaza na kombe. Asiyeambiwa anafunga kamba zote, kisha analala na mapolo ndani ya chumba cha watoto.

Kuna jambo jingine ambalo sijapata kuliona katika mpango wowote wa mwani, nalo kila Mpemba analijua: karafuu. Mwaka wa karafuu nyingi, pwani inahama. Mchumaji analipwa kwa pishi, pesa anaiona jioni ile ile, na kazi haitaki kusimama majini. Wanaume wanakwea mikarafuu, wanawake na watoto wanachambua na kuanika, na hata jamvi la kuanikia mwani linakodishwa kwa karafuu. Mwani unabaki majini bila mtu wa kuuvuna, unakatika, na bamvua linalofuata mbegu ni chache. Karafuu hazizai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja zinajaa, miaka inayofuata zinapungua. Lakini mkarafuu hauzai kwa siri. Maua yanaonekana mapema mtini, na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, linafanya makisio yake kabla ya msimu kwa sababu linanunua karafuu zote. Kwa nini makisio yale yasifike pia kwenye meza ya anayepanga mwani? Mikono ni ile ile. Ukisoma mwaka wa karafuu umeshajua nusu ya habari za mwani wa miezi ile.

Na mikono ile ile ndiyo mnayotaka kuiita kiwandani. Naunga mkono kwa moyo wangu wote mradi wa kiwanda cha kusarifu mwani Chamanangwe, Wilaya ya Wete. Tangu kilimo hiki kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kisha kikavuka kuja kwetu, tumekuwa tukiuza mwani mkavu tu kama ulivyo, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wote wa Zanzibar. Kuusarifu hapa hapa ni haki yetu. Lakini kiwanda cha karajinani kinachemsha mwani ndani ya maji yenye potasiamu haidroksaidi, kinausafisha kwa maji mengi matamu, kinaukausha na kuusaga. Mitambo ya namna hiyo inataka kulishwa kila siku. Haiwezi kushiba siku tano za bamvua kisha ikafunga siku kumi za maji mafu. Inataka pia umeme usioyumba, na umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010, wakati mahitaji ya kisiwa yalikuwa madogo kuliko ya leo.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu tani ambazo kiwanda kitameza, hesabuni ghala. Mali inayoingia kwa mafungu inaweza kutoka kwa mtiririko mmoja ikiwa katikati pana akiba iliyohifadhiwa vizuri. Akiba ya mabamvua mawili, katika maghala yenye sakafu iliyoinuliwa, paa lisilovuja, na hewa inayopita, ingemtoa mkulima kwenye hofu ya mvua na kukitoa kiwanda kwenye hofu ya njaa. Mwani uliokauka vizuri na kukaa pakavu unavumilia miezi. Kinachouua ni maji na kusubiri nje. Wekeni pia vipima unyevu pale kwenye mizani ya kijiji, mali ipimwe mbele ya mwenyewe. Leo kavu na bichi vinaamuliwa kwa kufinya kwa mkono, na ugomvi mwingi ninaoamua mlangoni kwangu ungekwisha kwa kifaa kidogo cha namna hiyo.

Kuhusu wafanyakazi, naomba msiihesabu mikono ile ile mara mbili. Ikiwa kiwanda kitachukua wanawake mia kadhaa kutoka vijiji vya jirani kwa zamu za asubuhi, hao hao ndio waliokuwa wavune saa nne ya bamvua. Mtakuwa mmejenga tumbo na kukata mkono unaolilisha. Zamu zinaweza kupangwa kwa kutazama mwezi: siku za bamvua mitambo iendeshwe na mafundi wa kudumu, na kazi za kuchambua, kusafisha na kufungasha zisukumwe siku za maji mafu, pwani inapokuwa haina kazi. Vijana wa kuendesha mitambo waandaliwe sasa. Pale Vitongoji tuna kituo cha mafunzo ya amali. Kozi ya matengenezo ya vikaushio, pampu na mizani ianze kabla kiwanda hakijawaka, isiwe mafundi wanatoka nje na wetu wanaishia kubeba mapolo. Na hao wabebaji, pamoja na wakulima wenyewe, waelezwe na wasaidiwe kujiunga na mpango wa hiari wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF. Wengi wao mgongo unawasimamisha kazi mapema, na hakuna kinachowangojea.

Suala la bandari sitalirefusha, wenye bandari wanalijua kuliko mimi. Mwani ni mzigo mwepesi unaokula nafasi, na mwenye chombo anapenda saruji kuliko mapolo yetu. Ukiwa haujafungwa robota kwa mashine, unalipia hewa. Mashine za kufunga marobota ziwepo huku huku, Wete na Mkoani, mali ivuke ikiwa imeshabanwa. Tangu mwaka 2023 uendeshaji wa bandari ya Malindi, mjini Unguja, umekabidhiwa kwa kampuni ya Africa Global Logistics, na kuna mipango ya bandari mpya huko huko Unguja, Mangapwani. Naomba mwani uwe na nafasi yake inayojulikana: baada ya kila bamvua, siku fulani, chombo fulani, kutoka bandari fulani ya Pemba, kwenda kukutana na kontena lililokwishatengwa. Mkulima hahitaji kujua jina la meli. Anahitaji kujua kwamba gari litakuja Alhamisi na kwamba Alhamisi ni Alhamisi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye ombi langu hasa. Itolewe ratiba moja ya ununuzi wa mwani kwa Pemba nzima, ikifuata mwezi, ibandikwe ofisi za masheha na isomwe misikitini na kwenye vikundi vya wakulima angalau mabamvua matatu kabla, yaani kabla mbegu haijafungwa. Iseme siku za kupima katika kila kijiji, bei ya kuanzia, na kiasi ambacho kila mnunuzi yuko tayari kuchukua. Bamvua linajulikana miaka mbele. Hakuna zao jingine Zanzibar lenye tarehe za mavuno za uhakika namna hii, na ni ajabu kwamba ndilo tunalolinunua kwa kubahatisha.

Ratiba hiyo iwe na nguvu. Leo mkulima anapewa kamba na taitai kwa mkopo, na kwa hilo anafungika asiuze kwengine. Hiyo ni ahadi ya upande mmoja. Mnunuzi naye afungike kwa maandishi: siku aliyoandika ikipita na mali imeshakaguliwa ikaonekana kavu, basi kuanzia hapo mvua ikinyesha inanyesha juu ya mali yake, au mkulima awe huru kuuza kwa mwingine bila kuambiwa amevunja makubaliano. Sheria hiyo ikiwepo, nina yakini magari yataonekana barabarani. Anayebeba hasara ndiye anayeharakisha.

Najua mtaniuliza takwimu zitatoka wapi. Ziko kwetu. Kila ghala la kijiji lina daftari, na daftari limeandikwa kwa bamvua: nani kaleta, kilo ngapi, aina gani, siku gani imeondoka. Ukiyakusanya madaftari ya vijiji vya Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani kwa miaka michache, utaona masika inavyopunguza, kaskazi inavyoua kotonii kwa joto la maji, mwaka wa karafuu unavyotoboa shimo, na siku ngapi mali hukaa ikisubiri gari. Maofisa huja kututembelea, wanapiga picha chanja za kuanikia, wanauliza jumla ya mwaka na kuondoka. Jumla ya mwaka haimsaidii mtu kupanga gari la Alhamisi.

Tuiteni makarani wa maghala, wawakilishi wa wakulima, wanunuzi, watu wa bandari na wa ZSTC, tukae siku moja Chake Chake, kila mmoja na ratiba yake mkononi. Ifanyike maji mafu ili akina mama waweze kuhudhuria. Majibu yenu yakipitia kwa masheha yatatufikia wote.

Wenu katika ujenzi wa kisiwa chetu,

Karani wa ghala la mwani,
Kaskazini Pemba